Sikio la Jirani: Fumbo kutoka Ng'ambo hadi Ngara

Kila anayefundisha ushairi wa Kiswahili huanza, au humaliza, kwa kulisifu fumbo. Wanafunzi huambiwa kwamba mtungaji mahiri hasemi bali hufumba, kwamba neno lililovikwa nguo lina heshima kuliko neno lililo uchi, na kwamba hazina hiyo imerithiwa kutoka kwa wazee wa Pate, Lamu na Mvita. Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanalieleza fumbo kana kwamba lilizaliwa katika nyumba yenye nafasi, mtungaji amekaa peke yake na wino wake, na hakuna anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Mhakiki humtaja mshairi, akataja bahari na vina, akataja hata aina ya karatasi, lakini jirani hamtaji.

Na jirani ndiye aliyekuwa na sikio. Mtu asiyeogopa kusikiwa hana haja ya kufumba. Atasema analolitaka na kulala. Fumbo linahitaji watu watatu: anayesema, anayekusudiwa, na yule wa tatu anayesikia bila kualikwa. Wa tatu huyo, katika sehemu kubwa ya maisha ya watu wa pwani kwa karne nzima iliyopita, alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Hoja ya makala haya ni hiyo: kwamba msongamano wa mtaa, huo ambao washairi wetu wengi wanaulalamikia kwa vumbi na makelele yake, ndio uliolea sanaa wanayoitumia kuulalamikia. Hoja hiyo itapimwa hapa kwa kazi za visiwani kwanza, kisha itapelekwa mbali, hadi Ngara mkoani Kagera, katika nchi ya jirani na kata ya Bugarama, ambako ilipata mtihani mzito kuliko wowote uliopata kutokea Zanzibar.

Iangaliwe kwanza nyumba yenyewe. Ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Ng'ambo ya Unguja na Kariakoo ya Dar es Salaam, ina ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kina mpangaji wake, na mara nyingi kila mpangaji ana mke au mume, watoto, na mgeni wa shamba aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka. Katika nyumba nyingi za zamani dari haikuwapo; kuta za vyumba zilipanda mpaka kimo fulani zikaishia hapo, na juu yake ilikuwa nafasi moja chini ya paa la makuti au la mabati. Mwangaza wa taa ya chumba kimoja ulionekana chumba cha tatu. Kikohozi, kilio cha mtoto, ugomvi wa mke na mume kuhusu pesa ya mkaa, vyote vilipita juu ya ukuta kama moshi. Wahandisi wana sababu zao za ujenzi wa namna hiyo, hewa ikiwa ya kwanza. Mhakiki wa fasihi angepaswa kuwa na zake.

Katika nyumba kama hiyo mwanamke mwenye la kumwambia mwenzake ana njia chache. Akisema waziwazi, ukumbi mzima umesikia, kesho ni baraza la wazee na keshokutwa ni kuhama. Akinyamaza, roho inamuuma. Basi huimba akiosha vyombo, au huvaa kanga. Maandishi ya kanga ndiyo shairi fupi kuliko yote katika lugha hii, na sheria yake ni ya ajabu: aliyelivaa anaweza kukana. Nguo ameinunua dukani, maneno yalikuwapo kabla yake, na anayedai kwamba ametukanwa atakuwa amejitaja mwenyewe. Hakuna kadhi wala hakimu awezaye kulipokea shauri hilo. Anayeona kwamba huo ni mchezo wa wanawake wasio na kazi na aipime sheria hiyo dhidi ya diwani yoyote yenye jina kubwa. Ataikuta imo humo, imejificha nyuma ya ndege, miti na bahari.

Ng'ambo ilikua upesi. Ng'ambo ni ng'ambo ya maji, ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki kabla halijafukiwa, na baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa watu waliokuwa mashambani walimiminika huko kutafuta kazi na jina jipya. Walijenga nyumba zao juu ya ardhi isiyokuwa yao na kuilipia kodi, na mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuja mjini akiwa muuza vyungu, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Huenda ni sadfa, na hapana haja ya kuitwisha sadfa mzigo mkubwa. Lakini waliokuwa wakikusanyika kumsikiliza usiku nyumbani kwake Ng'ambo walikuwa ndio hao hao waliokuwa wakijadili kodi mchana.

Shaaban Robert alipomwandikia Siti wasifu alitaka hasa kuonyesha utu wake: jinsi mtu wa chini alivyopanda kwa kipaji na subira. Hiyo ndiyo tabia ya Shaaban Robert. Kila anayemgusa humgeuza mfano. Kitabu kinasomeka vizuri mpaka leo, ila mtaa haumo. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeandika juu ya Zanzibar ya wakati huo katika kitabu chake cha 2001, aliusikiliza mtaa zaidi. Kwake nyimbo za Siti ni habari za jirani: nani amefungwa, nani amedhulumiwa mirathi, hakimu gani amekula rushwa. Wimbo wa "Kijiti" unamhusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Inafaa kutazama kwamba muuaji humo anatajwa jina. Amekwisha kimbia, mtaa mzima wamjua, hapana wa kumstahi. Wanaofumbwa katika nyimbo za namna hiyo ni wale waliobaki, ambao kesho asubuhi watakutana na mwimbaji kwenye bomba la maji. Mpaka kati ya kutaja na kutotaja haukuwekwa na kanuni ya ushairi. Uliwekwa na umbali wa nyumba.

Riwaya zetu za visiwani zimeuona mtaa, lakini hazikubaliani juu yake, na tofauti hiyo haijazungumzwa vya kutosha. Said Ahmed Mohamed, katika *Utengano* ya 1980, anamweka Maimuna ndani ya nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, nyumba kubwa, iliyofungwa, isiyo na jirani wa kuchungulia. Msichana huyo hajui mtu wala njia. Anapotoka, anatoka kwa kishindo, na dunia inayompokea ni ya ulevi, danguro na kuporomoka. Ubingwa wa mwandishi ni kuonyesha kwamba ukuta wenyewe ndio uliomharibu Maimuna, kabla hajaonja bia. Hata hivyo mtaa katika riwaya hiyo umebaki adhabu. Msomaji anausikia kwa pua zaidi kuliko kwa masikio: uvundo, moshi, jasho. Majirani hawana maneno ya maana ya kusema. Na wanapokuwa nayo, kama Bi Farashuu, ni maneno ya kisasi yaliyopikwa kwa miaka.

Adam Shafi amekwenda njia nyingine. Katika *Vuta N'kuvute* ya 1999, Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi umri mbali, anamkimbia mumewe. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Hapo ndipo riwaya inapopata pumzi. Chumba cha Mwajuma ni kidogo, watu wanaingia bila kubisha sana, nyimbo zinasikika, siri za siasa ya miaka ya 1950 zinapita mlangoni pamoja na bakuli la urojo, na askari wa upelelezi nao wako njiani. Kwa kuwa kila mtu anasikia, kila mtu anajifunza kusema kwa kukunja. Denge, mpigania uhuru, hangeweza kuishi siku mbili katika nyumba ya Maksuudi. Ng'ambo anaishi kwa sababu kelele za mtaa zinamfunika na adabu ya mtaa inamficha. Riwaya hiyo ina udhaifu wake. Mazungumzo ya siasa mara kwa mara yanarefuka mpaka wahusika wanageuka wahutubu, na filamu ya Amil Shivji ya 2021 ilifanya vyema kuyapunguza na kuziachia kazi kuta, milango na nyuso. Lakini katika kuujua mtaa kama chombo cha lugha, Adam Shafi hana mpinzani visiwani. Hata katika *Kuli* ya 1979, ambayo ni riwaya ya bandari na mgomo wa 1948, kurasa zilizo hai zaidi si za gatini; ni za nyumbani, ambako habari ya mgomo inatoka kinywa hadi kinywa kabla karatasi yoyote haijachapwa.

Mtu anaweza kuipinga hoja hii kwa mifano miwili mizito. Fumo Liyongo, katika masimulizi, alimpelekea mama yake ujumbe wa tupa iliyofichwa ndani ya mkate kwa wimbo uliofumbwa, naye alikuwa kifungoni, si mtaani. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa 1973, akiwa jela nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa peke yake. Basi upweke nao hufumba. Ni kweli, ila mifano yote miwili ina mtu wa tatu. Bawabu amesimama mlangoni, na sikio lake ndilo linaloupa wimbo umbo lake. Kilichobadilika ni kwamba bawabu ni adui mmoja anayejulikana, na jirani ni watu wengi ambao leo ni marafiki na kesho hawajulikani. Fumbo la jela lina mwelekeo mmoja. La mtaani lazima liwe na njia tatu nne za kutokea.

Sasa bara. Diwani zetu zimependa kuitwa kwa majina ya nchi: *Malenga wa Mvita* ya Ustadh Bhalo mwaka 1971, *Malenga wa Mrima* ya Mwinyihatibu Mohammed mwaka 1977, na katikati yake, mwaka 1976, *Malenga wa Bara* ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi. Jina hilo la mwisho lilikuwa la uchokozi. Vijana wawili wa magharibi ya Tanzania, mmoja wao, Mulokozi, mtu wa Kagera aliyekuja kuwa bingwa wa utenzi wa enanga wa Wahaya, waliingia katika ukumbi wa malenga bila kuomba ruhusa ya pwani na bila kuahidi vina. Mabishano yaliyofuata juu ya ushairi huru yalikula wino mwingi, na leo yanasomwa kama historia. Jambo ambalo halikuulizwa katika mabishano hayo ni la makazi. Pande zote mbili zilibishana juu ya kina na mizani, na hakuna aliyeuliza kama mtu aliyekulia mahali ambapo nyumba ya jirani iko ng'ambo ya shamba la migomba ana haja ile ile ya fumbo aliyonayo mtu wa Kikwajuni au Vikokotoni.

Bugarama ni kata ya wilaya ya Ngara, katika pembe ile ya Kagera ambako Tanzania inapakana na Burundi, na si mbali na Biharamulo. Wenyeji wengi wa Ngara ni Wahangaza, na lugha yao inasikilizana na Kirundi. Kama ilivyo Burundi na Rwanda, makazi ya asili katika vilima hivyo hayakuwa ya kijiji kilichobanana. Kila boma, ambalo Warundi huliita urugo, lilikaa peke yake na migomba yake na ng'ombe wake, na njia nyembamba ikaliunganisha na boma la pili. Ukitaka kumwambia mkeo neno, migomba ilitosha kulificha. Kuna usemi wa kukunja huko pia, tena wa hali ya juu; vitendawili vya Kirundi vina kiitikio chao kama vyetu, na kusema kwa werevu bila kufichua moyo kunahesabiwa sifa ya mtu mzima. Lakini hiyo ilikuwa adabu ya mbele ya mkubwa, ya uani kwa chifu. Haikuwa adabu ya ukuta mwembamba.

Ukuta mwembamba ulifika kwa siku moja. Tarehe 28 Aprili 1994 watu waliokuwa wakitoka Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kwa hesabu iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walifika takriban robo milioni katika muda wa saa 24. Waliwekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Katika wiki chache ikasemwa kwamba Benaco ndio mji wa pili kwa wingi wa watu nchini Tanzania, baada ya Dar es Salaam. Ulikuwa mji wa turubai na matawi, wenye masoko, vinyozi, pombe na mahubiri, na kuni zake zilitoka katika miti ya jirani mpaka vilima vikawa vipara. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo watu wasio na hatia yoyote, na walikuwamo walioua jirani zao wiki mbili kabla. Walipangwa kambini kwa kufuata wilaya walizotoka, kwa hiyo aliyeona na aliyetenda waliweza kulala wakitenganishwa na karatasi ya plastiki.

Hapo hoja ya sikio la jirani haina tena uzuri wa kanga. Ng'ambo, aliyefumbua fumbo vibaya alipoteza urafiki. Benaco angeweza kupoteza roho. Wanyarwanda wa Ngara walirejeshwa kwao mwezi Desemba 1996 kwa amri ya serikali, lakini kambi ya Lukole, ya Warundi, iliendelea hadi 2008, na mwanaanthropolojia wa Kidenmark Simon Turner, aliyekaa humo mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake mwaka 2010, anaeleza mji ambao siasa zilipigwa marufuku na kwa hiyo zilisemwa kwa tetesi. Uvumi ulikuwa ndio gazeti. Watu walisoma maana katika njia aliyopita fulani, katika baa aliyokaa, katika neno alilolitumia kwa "nyumbani". Mhakiki wa ushairi akisoma kurasa hizo atazitambua kanuni za kazi yake zikitumiwa na watu wenye hofu: kutafuta maana ya pili, kutoliamini neno la juu, kuuliza nani anakusudiwa. Mwaka 1995 ilianzishwa Ngara redio ya Wajesuti iliyohudumia wakimbizi, ikaitwa Radio Kwizera, jina lenye maana ya imani na matumaini. Kuchagua neno lililo wazi namna hiyo, baada ya yaliyosikika katika redio ya RTLM ya Rwanda mwaka uliotangulia, kulikuwa uamuzi wa kifasihi hata kama waliouchukua hawakuuita hivyo. RTLM ilikuwa na msamiati wake wa mafumbo: Watutsi waliitwa mende, na kuua kuliitwa kazi.

Kesi iliyofuata ilisikilizwa Tanzania, na inashangaza kwamba wahakiki wa Kiswahili hawakuijazia ukumbi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimshtaki Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji mashuhuri, na nyimbo zake tatu zikawa ushahidi. Mmoja una jina linalotafsirika kama "Nawachukia Wahutu", nao uliwalenga Wahutu waliodhaniwa kuusaliti umoja wao. Mwingine unawaita wasikilizaji wana wa Sebahinzi, yaani wana wa baba wa wakulima. Hakuna mstari uliosema ueni. Nyimbo zilikuwa za fumbo, za historia, za mithali, zenye sauti nzuri, na wasomi waliitwa mahakamani kueleza kila jina lina maana gani na msikilizaji wa kawaida angelielewaje. Kwa siku kadhaa chumba cha mahakama kilikuwa darasa la ushairi, na aliyekuwa kizimbani angeweza kutumia utetezi ule ule wa mwenye kanga: maneno yalikuwapo kabla, anayejiona ametajwa amejitaja mwenyewe.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika katika kampeni ya chuki, lakini hawakumtia hatiani kwa kuzitunga. Walimtia hatiani kwa jambo jingine: kwamba mwishoni mwa Juni 1994, akiwa katika msafara wa magari yenye vipaza sauti kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, aliwahimiza watu wawaangamize Watutsi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na rufaa yake ya 2010 haikumsaidia. Sheria iliona kosa pale fumbo lilipokwisha na kipaza sauti kikaanza. Kwa mwanasheria hilo ni swali la ushahidi. Kwa mhakiki linasumbua zaidi, maana linamwachia nyimbo mikononi. Sheria imesema haiwezi kuzihukumu bila shaka. Haikusema ni safi. Anayelisifu fumbo kwa sababu tu ni fumbo, kama tunavyofundishwa kufanya, hana cha kusema juu ya wana wa Sebahinzi ila kwamba limefumbwa vizuri.

Kuna kipimo, nacho kinapatikana Ng'ambo. Fumbo la mtaani humwachia anayekusudiwa njia ya kukataa. Bi fulani akiisoma kanga ya mwenzake anaweza kupita kama hakuona, na wote wawili wakaendelea kuchota maji bomba moja. Njia hiyo ya kutokea ndiyo iliyozaliwa na msongamano, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba hawana pa kuhamia. Fumbo la Bikindi halikuwa na mlango huo. Anayekusudiwa hakuambiwa lolote; aliambiwa jirani yake, na aliambiwa kwa redio. Mtu wa tatu, ambaye Ng'ambo ndiye aliyefichwa neno, hapa ndiye aliyepelekewa. Umbo la nje ni lile lile, majina ya kukunja na historia ya mababu, lakini watu watatu wamebadilishana viti.

Kwa kipimo hicho hata taarabu yetu ya miaka ya 1990 inafaa kusikilizwa upya, bila ya kuilinganisha na msiba usiolingana nayo. Mashindano ya vikundi vya TOT na Muungano, ya Khadija Kopa na Nasma Khamis, yaliwafurahisha watu, na sauti zilikuwa sauti kweli kweli. Lakini mipasho ilihamia kutoka uani kwenda uwanjani, na uwanjani hakuna ukuta wa kusikilizia. Anayepashwa amesimama jukwaa la pili na jina lake limeandikwa kwenye tangazo. Mtungaji hana tena haja ya njia tatu. Moja inamtosha, na kadiri miaka ilivyokwenda njia hiyo ilizidi kuwa fupi mpaka ikawa tusi lenye vinanda. Wazee walioilalamikia kwa matusi walikosea mahali pa kushika. Lugha chafu ilikuwapo siku zote katika nyumba za vyumba sita. Kilichopotea ni jirani.

Na kwa washairi wa leo, wa Unguja na Dar es Salaam na hata wa miji midogo iliyokua kando ya barabara ya Rusumo, hali inayohitaji kuangaliwa ni hiyo. Mashairi ya mtaa yanayoletwa kwa wahariri mengi yanaorodhesha: honi, vumbi, majitaka, muziki wa baa usiku kucha, watoto wasiolala. Yote ni ya kweli na yote yanasemwa na mtu aliyefunga dirisha. Humo mshairi anasikia ila hasikiwi. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kuinuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalitoa kuta za saruji na dari za kweli, na pengine yaliwapa washairi wazo kwamba makelele ni ya wengine. Shairi la Bugarama, siku litakapoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeuona mwaka 1994 akiwa mtoto kwenye kilima cha migomba, litakuwa na faida juu ya hayo yote, kwa kuwa mtungaji wake atakuwa ameujua upweke wa boma na msongamano wa turubai katika umri mmoja. Atahitaji kuamua, kabla ya kina na mizani, nani katika shairi lake asisikie.